Mkono wa kulia wa Leon Fleisher: kisa ambacho watu hukigeuza ushuhuda

Ukimtaja Leon Fleisher, yule mpiga piano wa Marekani, kati ya wapiga kinanda wa hapa Kisumu, wale wachache wanaomjua watakupa hadithi moja tu: jamaa alikuwa moto, mkono ukafa, akangoja miaka 30, akarudi na mikono miwili, amina. Inasimuliwa vile watu husimama Jumapili kutoa ushuhuda, na watu wanapiga makofi. Mimi nafundisha piano mjini hapa na hiki kisa nakirudia sana na wanafunzi, na kila nikikipitia upya naona ile sehemu watu wanaipenda ndiyo ndogo kabisa. Kwanza mkono wenyewe haukupona. Pili, kilichomfanya abaki mwanamuziki miaka hiyo yote si kungoja, ni kuacha kungoja. Wacha nikifungue polepole, maana kuna mahali katikati ambapo watu hupita mbio na ndipo penyewe.

Alizaliwa San Francisco tarehe 23 Julai 1928, wazazi ni wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki, baba fundi wa kofia. Si watu wa pesa. Aliyeletewa mwalimu wa piano ni kaka yake mkubwa, kumbe mdogo amekaa pembeni anasikiliza, mwalimu akishatoka yeye anapanda kwa kiti anacheza lile somo lote. Mama akaona hapa mambo ni mengine. Huyo mama naye alikuwa na mipango yake, mtoto awe rais wa kwanza Myahudi wa Marekani ama awe mpiga piano mkubwa, hapo katikati hakuna kitu. (Wamama wa hivyo tunao, enda Kenya Music Festival uketi nyuma ya mmoja, anahesabu nota za mtoto kuliko jaji.)

Akiwa na miaka tisa akafika kwa Artur Schnabel, mpiga piano na mwalimu mkubwa wa wakati huo, na Schnabel alikuwa hapokei watoto, hataki hata kuwasikia. Ikabidi Alfred Hertz, aliyewahi kuongoza okestra ya San Francisco, amwalike Schnabel nyumbani kwake chakula cha jioni, halafu mtoto akaingizwa kimyakimya, wageni wakitoka mezani wanapata kijana ameshakaa kwa piano. Schnabel akamchukua. Mwaka 1938 familia ikampeleka mpaka Italia, Ziwa Como, kwa masomo, na vita vilipokaribia masomo yakahamia New York.

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu bila Schnabel hii hadithi ingeishia 1965, mkono ulipomshinda. Schnabel alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky akafundishwa na Czerny, Czerny na Beethoven mwenyewe, kwa hivyo kwa hesabu ya ukoo Fleisher ni kilembwe wa Beethoven. Lakini ukoo si kitu sana, watu wa mtihani wa piano wa gredi nane huku pia wanaweza kukuchorea ukoo. Kilicho muhimu ni vile Schnabel alifundisha. Kwanza wanafunzi walikuwa wanakaa kwenye masomo ya wenzao, somo la mwenzako ni lako pia, unasikiliza mtu akirekebishwa kitu ambacho wewe hujakigusa bado. Pili, sikio linatangulia kidole. Unasikia sauti kichwani kwanza, ile unayotaka, ndio unapiga, na baada ya kupiga unalinganisha. Hakuwa mwalimu wa kukupa skeli za saa tatu ndio vidole vikimbie. Huyu mtoto alikaa naye karibu miaka kumi, na katika hiyo miaka kumi kilichojengwa zaidi ni kichwa. Weka hiyo mahali, tutaihitaji.

Mambo ya jukwaani nitayapitisha haraka. Mwaka 1944, miaka 16, Carnegie Hall na New York Philharmonic chini ya Pierre Monteux, konserto (kazi ya piano pamoja na okestra) ya kwanza ya Brahms, ile ya D mainori, kazi ya watu wazima kabisa. Mwaka 1952 akashinda shindano la Queen Elisabeth huko Brussels, Mmarekani wa kwanza kulishinda. Halafu akaingia mkataba wa kurekodi pamoja na George Szell, kiongozi wa Cleveland Orchestra, na okestra yake, wakarekodi konserto zote tano za Beethoven na mbili za Brahms, mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 60. Hizo rekodi bado zinauzwa na mimi bado nawapa wanafunzi wangu, tafuteni mle Brahms ya kwanza ya 1958, sikilizeni vile piano inaingia bila kelele baada ya okestra kuwa imewaka. Mwaka 1959 akaanza kufundisha Peabody, chuo cha muziki huko Baltimore. Kwa kifupi, akiwa na miaka 35 hakuna kitu kwa hii kazi alikuwa hana.

Sasa. Mwaka 1964 hivi, miaka 36, anaanza kuhisi kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimekuwa kizito, hakijibu haraka. Hakiumi. Hiyo ndiyo shida, hakiumi hata kidogo. Kulikuwa na ajali ndogo nyumbani, alijikata gumba la huo mkono kwa fanicha ya nje akashonwa, na wengine huanzia kisa hapo, lakini kidonda cha gumba hakielezi peke yake yaliyofuata. Alichofanya ni kile ambacho karibu kila mmoja wetu angefanya kidole kikigoma: akaongeza mazoezi. Aliona ni uzembe, akakilazimisha, saa saba nane kwa siku, na baadaye yeye mwenyewe alikuja kusema hiyo ilikuwa ujinga. Ndani ya kama miezi kumi kidole cha nne na cha tano, ukihesabu kutoka gumba, vikaanza kujikunja vyenyewe kuingia kiganjani, akiweka mkono kwa piano tu vinajikunja, akitoa mkono vinafunguka.

Na safari ilikuwa imeshapangwa. Cleveland Orchestra ilikuwa inaenda Umoja wa Kisovieti 1965, katikati ya Vita Baridi, serikali ya Marekani ikiwa nyuma yake, na Fleisher alikuwa awe soloisti, yaani mpiga piano wa mbele ya okestra. Szell, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, akamsikia kisha akamwambia bora asiende. (Sisi wa Kisumu Wasovieti tunawajua kwa hospitali, ile wazee mpaka leo wanaita Rasha. Miaka hiyohiyo ya 60 wao wanajenga huku, Wamarekani wanawapelekea okestra kule.) Ile ndege ikaondoka bila yeye, na hapo ndipo alijua hii si uchovu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa distonia, na kwa wanamuziki hushika mahali pamoja na kwa kazi moja tu. Inakadiriwa kwamba katika wanamuziki wa kulipwa mia moja, mmoja hivi huipata, na wengi wao ni wanaume. Msuli hauna shida, mfupa hauna shida, hata neva za mkononi ziko sawa. Shida iko kichwani, kwenye ubongo, na sisemi kichwani kwa maana ya kwamba unajifanyia. Kila kidole kina kipande chake cha ubongo kinachokihisi na kukiamrisha, na vipande hivyo vimepakana vile mashamba ya ndugu yamepakana huko Vihiga, kila mtu na mti wake wa mpaka. Ukilima sana pale mpakani, mwendo uleule, haraka ileile, mara maelfu, mti unang'oka na sasa huyu akilima anaingia kwa yule. Unaamrisha kidole cha pili, cha nne kinadhani kimeitwa. Miaka ya 1990 watafiti wa hukohuko San Francisco walifundisha nyani kushika na kuachilia kitu kwa kurudiarudia kila siku, mikono ikaharibika, na walipopima ubongo wakapata mipaka ya vidole imeingiliana. Kwa wanamuziki pia imepimwa ikaonekana.

Kwa nini vidole hivyo viwili, kwa nini mkono wa kulia? Mtu wa kwaya ataelewa haraka. Kwa piano soprano iko juu, na juu ni mwisho wa mkono wa kulia, yaani cha nne na cha tano, vile vidole dhaifu kuliko vyote. Cha nne hata hakina uhuru wake, kano zinazokiinua zimefungwa na za majirani, jaribu sasa hivi, laza mkono mezani ukunje kidole cha kati chini halafu uinue cha nne peke yake uone. Lakini muziki wote wa Brahms na Chopin unadai hivyo viwili viimbe kwa nguvu juu ya kila kitu. Kwa hivyo ndivyo vinavyofanya kazi kubwa na ndivyo vinavyoharibika kwanza.

Mwaka 1965 hakuna aliyemwambia hayo. Hilo jina la distonia hakulipata mpaka miaka ya 90. Kwa hiyo alizunguka, na mtu wa huku akisoma ile orodha hawezi kushangaa, ni sisi tu na waganga wetu: sindano, akupancha, kulazwa usingizi wa kuambiwa maneno, masaji, washauri wa akili, wale wanakwambia una hasira na mama yako. Ndoa yake ya pili ikavunjika. Akafuga ndevu na nywele ndefu, akanunua pikipiki ya Vespa, akawaza kujiua, na hayo amesema mwenyewe hadharani, si uvumi. Kama miaka miwili hivi alikuwa hana maana yoyote anayoiona kwa maisha.

Halafu likaja lile jambo ambalo kwa hesabu yangu ndilo kisa chenyewe. Alikuja kutambua kwamba alichofungana nacho ni muziki, na piano ya mikono miwili ni njia moja tu ya kuufikia. Ukiisoma haraka inasikika ni maneno ya kufariji, lakini angalia alifanya nini nayo. Mwaka 1967 akaanzisha pamoja na wenzake kikundi cha muziki wa watu wachache huko Washington, Theater Chamber Players. Akaanza kuongoza okestra, 1970 akashika ile ya Annapolis, 1973 akawa naibu wa kiongozi wa Baltimore Symphony. Na darasani Peabody kukatokea kitu ambacho walimu wote tukisikize: zamani mwanafunzi akikosea alikuwa anamsukuma kando anamwonyesha, sasa mkono hauonyeshi kitu, ikambidi atafute maneno. Aeleze. Aseme hii nota inatoka wapi na inaenda wapi mpaka mwanafunzi aisikie kichwani mwake. Mwenyewe alisema hiyo ndiyo ilimfanya mwalimu bora zaidi. Waliopita kwake ni pamoja na André Watts, Yefim Bronfman na Jonathan Biss. Sasa rudi kwa Schnabel: kama angefundishwa vidole tu, mwaka 1965 angekuwa amebaki na nini cha kufundisha?

Mkono wa kushoto pia akaufungulia kazi. Kuna repetwa nzima, yaani vipande vilivyotungwa, ya mkono wa kushoto na sehemu kubwa iko kwa sababu ya mtu mmoja, Paul Wittgenstein wa Vienna, aliyepoteza mkono wa kulia mwaka 1914 vitani na akatekwa na Warusi. Familia yake ilikuwa na pesa za kutisha, akaagiza konserto kwa watunzi wakubwa, Ravel, Prokofiev, Britten, Hindemith. Ya Prokofiev akairudisha akisema haielewi hata nota moja. Ya Hindemith akaificha, ikakaa imefichwa mpaka baada ya mjane wake kufa, ikapatikana 2002, na unajua nani aliicheza kwa mara ya kwanza duniani? Fleisher, na Berlin Philharmonic, Simon Rattle akiongoza, Desemba 2004, huyo mtu ana miaka 76. Konserto ya Ravel ndiyo ikawa mkate wake wa kila siku.

Na msidhani mkono wa kushoto ni nusu ya kazi. Kwa mkono wa kushoto gumba liko juu, yaani kidole chenye nguvu kuliko vyote ndicho kimeshika soprano, vingine vinne vinahudumia besi na katikati, mguu unashikilia besi kwa pedali wakati mkono umeruka juu. Kwa njia fulani mkono wa kushoto umepangwa vizuri kuliko wa kulia. Wanafunzi wangu nawapa zoezi la kucheza tenzi yoyote sauti zote nne kwa kushoto peke yake, wiki ya kwanza wananichukia.

Sasa tufike 1982, hapa ndipo watu hupita mbio. Mwaka 1981 madaktari walimpasua kifundo cha mkono, kulikuwa na neva imebanwa pale, kweli ilikuwa imebanwa lakini hiyo si distonia, na baada ya upasuaji akaona vidole vinafunguka kidogo. Habari ikaenea. Baltimore ilikuwa inafungua ukumbi mpya, Meyerhoff Symphony Hall, Septemba 1982, tivi iko, wakubwa wako, na mpango ni Fleisher arudi na mikono miwili. Alikuwa acheze konserto ya nne ya Beethoven. Siku zikikaribia akaona haiwezekani, akabadilisha akacheza Variations za César Franck, ambazo ni fupi na zinaachia mkono wa kulia nafasi. Ukumbi ukasimama. Magazeti yakaandika amerudi, mtu ameshinda.

Na yeye amekaa pale anajua hajarudi. Alijua kila hila aliyotumia, kidole gani alibadilisha kwa gani, wapi alijificha. Watu walimletea ushuhuda uliokwisha andikwa, yeye alitakiwa tu asimame katikati aseme ndiyo. Angeweza kuendelea hivyo, akichagua vipande vya kujificha, mwaka mmoja, miwili, mpaka siku mkono umwanguke mbele ya watu. Alifuta zile konsati za mikono miwili zilizokuwa zimepangwa, akarudi kwa Ravel, akarudi darasani, akarudi kuongoza okestra. Kwangu mimi huo ndio ujasiri wa hiki kisa chote, kwenda nyumbani na kusema hapana baada ya makofi, si kule kucheza. Nikilinganisha na 1964, kidole kilipomwambia kitu akakilazimisha, 1982 kidole kilimwambia kitu akakisikiliza. Kati ya hizo mbili kuna miaka 18 na ndiyo elimu yote.

Mwaka 1986 akapewa uongozi wa kisanii wa Tanglewood Music Center, shule ya muziki ya majira ya joto huko Massachusetts, akakaa mpaka 1997. Na huko katikati, miaka ya 90, hatimaye likapatikana jina la ugonjwa, akaanza kudungwa Botox. Ndiyo, hiyohiyo ya wanawake wa tivi. Ni sumu ya bakteria ambayo ikidungwa kidogo sana kwa msuli inazuia ujumbe wa neva kuufikia, msuli uliokuwa unakunja unalegea, vidole vinapata nafasi ya kunyooka. Pamoja nayo kulikuwa na masaji nzito ya kulegeza mkono mzima mpaka bega. Botox inaisha baada ya kama miezi mitatu minne, unarudi kudungwa tena. Ubongo haujabadilika, ile mipaka bado imeingiliana, umeufunga mdomo msuli tu. Fleisher mwenyewe hakuwahi kusema amepona, alisema ugonjwa bado uko na anaishi nao.

Katikati ya miaka ya 90 akaanza kurudi, na akarudi na Mozart, konserto ya A meja K. 414, si Brahms. Nyepesi kwa vidole, ngumu kwa sikio. Mwaka 2004 ikatoka albamu ya Two Hands, ndani yake Bach na ile sonata ya mwisho ya Schubert ya B flati, na ukiisikiliza utasikia mzee ambaye hana haraka, hapigi kitu kujionyesha, mahali pengine ni pagumu na anapita taratibu. Alipewa heshima ya Kennedy Center, tuzo kubwa ya wasanii Marekani, mwaka 2007. Mke wake wa tatu, Katherine Jacobson, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakawa wanacheza pamoja kwa piano moja mikono minne. Alifariki Baltimore tarehe 2 Agosti 2020, miaka 92, na alifundisha mpaka uzeeni kabisa.

Sasa sisi. Mtu ataniambia mwalimu, hayo ni ya Carnegie Hall, sisi tunapiga kibodi kwa kanisa. Sawa, lakini hebu angalia wiki ya mpiga kibodi wa kawaida hapa Kisumu. Ijumaa kesha, anaingia saa tatu usiku anatoka alfajiri. Jumamosi kuna matanga huko Siaya ama Vihiga, anabebwa na kibodi yake kwa gari la sauti, anapiga mchana na akibembelezwa anapiga usiku. Jumapili ibada mbili, mchana mazoezi ya kwaya. Kodi (chords) zilezile nne, mwendo uleule, kii 61 ambazo hazina uzito, kwa stendi ambayo haijawahi kufika urefu unaofaa, amekaa kwa kiti cha plastiki viwiko viko chini kuliko kii. Hakuna wa kushika zamu. Halafu yuleyule akiamua kufanya mtihani wa piano anapelekwa kwa piano ya kweli, kii moja inataka kama gramu 50 ndio ishuke, na hizi piano chache za huku kando ya ziwa unyevu umeziingia, kii zingine zimekwama zinataka mara mbili ya hapo. Mkono uliozoea plastiki unashtuka, unakaza, na mtihani uko wiki tatu mbele, kwa hivyo anafanya nini? Anaongeza mazoezi. Ni 1964 tena, bila Szell wa kumwambia bora usiende.

Kijana mmoja anayepigia kanisa fulani upande wa Kondele alikuja akaniambia, "Mwalimu, kidole cha mwisho kinakufa ganzi usiku." Nikamuuliza anapumzika siku gani. Akacheka, "Sasa mwalimu, nikipumzika nani atashika kibodi?" Yake haikuwa distonia, daktari alisema ni neva ya kiwiko imebanwa, na hapo watu huchanganya sana kwa hivyo wacha niseme. Ganzi kwa kidole cha tano na nusu ya cha nne, angalia kiwiko. Ganzi kwa gumba, cha pili na cha kati, hasa usiku, angalia kifundo. Maumivu ya kuchoma juu ya mkono ukipiga, hiyo mara nyingi ni kano zimechoka na zinataka kupumzishwa. Lakini kidole ambacho hakiumi, hakina ganzi, kinashika kikombe sawa, kinaandika sawa, kinatuma meseji sawa, na kikifika kwa kibodi kinajikunja ama kinasimama peke yake, hiyo ndiyo ile ya Fleisher, na hiyo haitaki masaji ya mafuta wala kuombewa ukiendelea kupiga.

Kuna pingamizi moja ambalo nimelipata kwa wenzangu na lina uzito. Wanasema Fleisher alikuwa na mahali pa kuangukia, Peabody inamlipa, okestra zinamwita, sisi mtu akiacha kibodi mwezi mmoja nafasi imeenda na hakuna anayekulipa kwa kujua muziki bila mkono. Ni kweli. Sina jibu la hiyo ya pesa. Ila ukiangalia vizuri hata hapa kazi ambazo hazitaki vidole zipo na ndizo hazina watu. Kwaya ngapi zinahangaika bila mtu wa kuwapangia sauti nne vizuri? Shule ngapi zinaingia Music Festival zikitafuta wa kuwafundisha, zinaokota mtu wiki mbili kabla? Maseno kuna idara ya muziki chuoni, Kabarak huko Nakuru pia, na wanaotoka huko bado hawatoshi. Mpiga kibodi aliyejifunza kwa kusikiliza na anayeweza kueleza anachosikia, huyo mkono ukigoma bado ana kazi ya Jumatatu. Aliyejifunza kodi nne za kuangalia vidole vya mwenzake kwa video, huyo mkono ukigoma amekwisha, na siku hizi wengi tunafundisha hawa wa pili kwa sababu ni haraka na mzazi anataka kuona matokeo kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo darasani kwangu nimebadilisha vitu kidogo. Wanafunzi wanakaa kwa masomo ya wenzao, mwanzoni wazazi walilalamika kwamba wanalipia saa moja na mtoto nusu yake anaangalia mwingine, wamezoea. Mtu akikosea mstari mara tatu tunafunga kifuniko, anauimba, ndio anarudi kupiga. Na hakuna anayeruhusiwa kuniambia kidole kimekataa halafu aendelee.

Na kama wewe unayesoma ni yule ambaye kidole kinajikunja kwa kibodi peke yake, kabla hujaenda hospitali weka simu pembeni ya kii, si juu, pembeni, ili mkono uonekane kutoka upande wa kidole kidogo, ujirekodi ukipiga polepole halafu kwa mwendo wako wa kawaida, mkono mmoja mmoja. Uliza daktari wa neva, si wa mifupa. Ukifika pale bila hiyo video utanyoosha mkono, utaambiwa kunja, fungua, finya kidole changu, na kila kitu kitakuwa sawa kabisa, utaandikiwa dawa ya maumivu ambayo huna, urudi nyumbani uendelee kupiga. Bora zaidi ibebe kibodi yenyewe, ya kii 61 inaingia kwa matatu, utalipia kiti chake, na uwaambie pale mapokezi kwamba bila hiyo hakuna mgonjwa wa kuona.